Kwa Nini Utarudi Bongo?

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kujaziwa fomu za viza, katika steshenari moja ya Kariakoo. Mbele yangu alikaa mzee aliyevaa jezi. Alitaka kwenda kuangalia Kombe la Dunia.

"Baba, ubalozi unataka uhakika kwamba utarudi," dada wa kompyuta alimwambia kwa sauti ya kuchoka. "Una nyumba?"

"Nimepanga, Ilala."

"Mke?"

"Alifariki."

"Biashara?"

"Nimemwachia mwanangu."

Dada akaondoa vidole kwenye kibodi. "Watakunyima, baba."

Mzee akamkodolea macho kama aliyetukanwa. "Mwanangu, Agosti klabu yetu inacheza na watani wa jadi! Ngoma ya tawi letu la mashabiki napiga mimi. Nikibaki huko, nani apige?"

Fomu haikuwa na nafasi ya ngoma. Dada akaacha wazi sehemu ya sababu za kurudi, akaita anayefuata. Nikaketi na barua yangu ya mwajiri, inayosema nitarudi kazini, nikijua kwamba kati yetu wawili, mwenye uhakika wa kurudi ni yule mzee.