Moto wa Kifuani mwa Mama

Nilikuwa darasa la tatu, tukiishi nyumba ya kukodi Kitengela, nilipoanza kuogopa kula mbele ya watu.

Mama alikuwa na kiungulia kibaya. Daktari mmoja wa Kajiado alimpa vidonge vya kupunguza asidi, akakaa vizuri miezi mingi. Alipojiona amepona, akaviacha ghafla. Moto ukarudi mkali kuliko wa kwanza.

Wakati huo ndipo senge, dada yake baba, alipotutembelea kutoka Busia. Alimwona mama amejikunja kitini.

"Hii si asidi," alisema. "Mtu mwenye jicho baya alikutazama ukila. Chakula kimekwama hapo kifuani. Lazima uchanjwe kwa wembe kitolewe."

Akanigeukia. "Nani huja hapa mkila?"

Nilimjua mmoja tu: Mama Naserian, jirani wetu Mmaasai, aliyetuletea maziwa asubuhi tukinywa chai. Sikumtaja. Lakini nikisikia salamu yake ya Kimaasai, "Sopa!", mlangoni, nilifunika kikombe kwa viganja. Jirani huyo alikuwa ananipenda, na hakuwahi kujua kwamba nilimwogopa.

Jumamosi mchana senge akafungua wembe mpya. Mama aliutazama, jasho likimtoka. Nilijua atakufa. Nikang'ang'ania sketi yake nikilia.

"Dada, ngoja," mama alisema. "Nirudi kwa daktari kwanza. Akishindwa, utanichanja."

Daktari hakumcheka. Alimweleza kwamba tumbo lililozoea vidonge, vikikatwa ghafla, humwaga asidi nyingi. Akamrudishia vidonge, avipunguze pole pole huku akirudi kliniki kupimwa. Chai ya rangi nzito, pilipili na vyakula vya mafuta mengi, aache. Asilale akiwa ameshiba. Tukaanza kula ugali jua likiwa bado juu, na viazi vitamu vya kuchemsha. Baba akainua kichwa cha kitanda kwa matofali. Kuna siku maumivu yalirudi, nami nikawaza wembe. Mvua ndefu zilipoisha, mama hakuhitaji kidonge tena.

"Jicho limechoka lenyewe," senge alisema.

Kwa miaka mingi niliamini mama alikataa kwa sababu alijua ukweli. Nilipokuwa mtu mzima nikamuuliza.

"Nilikuwa naamini kama senge wako," alisema. "Ila wembe niliuogopa zaidi."

Senge naye aliogopa kumzika wifi yake. Sote mle ndani tuliogopa kitu kimoja, kifo, na ni bahati tu iliyotuelekeza njia ya Kajiado, kwa daktari.