Maranda ya Baba Mdogo

Baba alipofariki, mdogo wake alilitaka shamba letu la nje kidogo ya Tunduma, akidai mama hana nguvu za kulilima. Wazee wa ukoo wakampa msimu mmoja: akivuna vizuri, lake, akishindwa, linarudi kwa mama. Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya udongo. Nikauliza kwa nini nguvu za mama zisijaribiwe kwanza. Wazee wakaendelea kupanga siku ya kumkabidhi.

Kwetu nyasi hufukiwa mvua zinapoelekea kuisha. Unazifunika mbichi kwa udongo hadi liwe tuta la mviringo, unapanda maharage juu, unaziacha zioze. Mvua za mwaka unaofuata zikija, unatawanya tuta na kupanda mahindi. Nilitaka kujua kwa nini tusubiri kiasi hicho. Chuoni nikaelewa: bakteria na kuvu wakipewa mabaki makavu, huchota naitrojeni ya udongoni, chakula cha mmea, ili wayavunjevunje. Mpaka wamalize, mmea unakaa na njaa.

Baba mdogo hakuwa na mwaka wa kusubiri. Alifukia nyasi kavu mwezi Novemba, akaongeza magunia ya maranda kutoka kwa maseremala wa Mlowo. Mbolea ya dukani alishaapa mbele ya wazee kwamba hataigusa. Nilimkuta akishusha magunia, siku chache kabla ya kupanda.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, msomi! Umekuja kutusomea udongo?" Vibarua wakaangua kicheko. "Haya, tuambie. Maranda yakioza si mbolea?"

"Yakioza ni mbolea," nikasema.

Sikudanganya. Nilimficha tu yangechukua muda gani.

Januari mahindi yake yaligota magotini, majani ya chini yakiwa manjano. Nilibadili njia yangu ya kwenda dukani ili nipite pale kila asubuhi. Nilifurahi, na sitaki kujisingizia huruma.

Mama aliniuliza, "Ulijua?"

"Hata wewe ulijua."

"Mimi hakuniuliza. Wewe alikuuliza."

Neno hilo lilinichoma, lakini sikwenda kumwambia baba mdogo kitu. Wazee walipokuja kuona mavuno, baba mdogo alilaumu mbegu. Shamba likarudi kwa mama.

Msimu uliofuata tulipolichimba, maranda hayakuonekana tena. Udongo ulikuwa mweusi, laini, umejaa minyoo. Kile vijidudu walichokichukua walikuwa wameanza kukirudisha, na waliokikuta ni sisi. Mahindi yakatupita vichwa.

Mama akajaza beseni la mahindi mabichi. "Mpelekee baba yako mdogo."

Ningeweza kukataa. Nikachagua mwenyewe yale makubwa zaidi, nikayapanga juu, nikabeba. Nilimkuta ameketi mlangoni pake, nikalitua beseni mbele yake. Akachukua moja, akalimenya ganda kidogo, akabonyeza punje kwa ukucha.

"Mmeweka mbolea gani?"

"Ni maranda yako, baba mdogo," nikamwambia. "Yameoza."

Akalirudisha hindi kwenye beseni, taratibu. Nikasimama palepale, nikisubiri ayatoe mahindi, anirudishie beseni la mama.