Presha ya Chini, Mwendo Ule Ule

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ninayoikumbuka mpaka harufu yake: raba, rangi iliyomwagika, na kahawa ya Papa Ilunga ikipoa juu ya meza ya ufundi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sijaolewa, na maneno yalikuwa hayaniishi mdomoni. Siku hizi yamepungua kidogo. Usicheke.

Kazi yangu ilikuwa kule Forest, mtaa wa upande wa pili wa mji huu, kwenye bohari la zamani ambalo tajiri mmoja aliligeuza ukumbi wa paintball. Vijana waliingia na maovaroli na maski, wakawindana nyuma ya mapipa na kupigana vipira vya rangi. Mimi nilitoka nyumbani, mtaa wa Laeken, kila wikendi kuja kujaza mitungi ya hewa na kukagua bunduki kabla hazijakabidhiwa wageni. Aliyenifundisha alikuwa Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, fundi aliyehudumia kompresa, zile mashine za kushindilia hewa, migodini miaka mingi kabla ya kuja Ubelgiji. Alikuwa mpole, mwenye mikono mikubwa, na hakupenda kurudia jambo mara mbili.

Kulikuwa na bunduki moja iliyonitia wazimu. Ilikuwa ikipasua vipira humo humo ndani ya mtutu, rangi ikitoka kama supu. Mimi nikaona haina nguvu ya kuvitoa, nikaongeza presha. Ikazidi kupasua. Nikaongeza tena, maana kichwa changu kilikuwa kigumu. Asubuhi ile Papa Ilunga aliichukua mikononi mwangu. Akaifungua, akapanua kile chumba kidogo kinachoshika hewa ya pigo moja, akabadilisha springi, kisha akashusha presha, ambayo hupimwa kwa bar, kutoka bar hamsini hadi bar kumi na tano.

"Papa," nikamwambia, "sasa kipira kitaangukia miguuni kwetu."

"Bon, mutoto, sikia. Motokari ikizima mu njia, unaipigaka teke? Non. Unaisukuma pole pole, na unaisukuma muda murefu. Pression kidogo, lakini hewa mingi. Kipira haitapasuka."

Akapiga vipira kumi kwenye ubao wa mbali. Vyote kumi vilifika vizima na kupasukia kule kule vinakofika vya bunduki nyingine. Na ule mlio wake wa awali, kama mlango uliobamizwa, haukuwepo tena, ilisikika pumzi tu. Mwanangu, nilistaajabu. Hewa hii hii ninayoivuta bila kuifikiria, mtu mzima amekaa nayo, ameielewa, ameipa nafasi zaidi na kuipunguzia hasira, nayo imemtii. Nikasema Subhanallah, Papa akacheka, akarudi kwenye kahawa yake.

Kosa langu ni kwamba nilielewa nusu, nikaona nimemaliza.

Mchana akaja mdogo wangu Yusufu kunitembelea. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na sisi wawili tuliotoka pamoja Bujumbura tulikuwa hatuna ndugu mwingine mji huu. Nikampeleka kwenye eneo la majaribio nimwonyeshe maajabu yangu. Maski yake ikajaa mvuke, akaivua afute. Sheria ya pale ni kwamba hakuna anayevua maski palipo na bunduki yenye hewa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea wageni sheria hiyo kutwa nzima.

"Dada, hiyo kitu haiumi?"

"Hii haiumi. Presha yake ya chini, ni kama kupulizwa. Lete mkono uone mwenyewe."

Akainua kiganja karibu na shavu lake, anacheka. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nikalenga.

Papa Ilunga alituona kutoka kwenye meza yake, iliyokuwa ubavuni kwangu. Hakupata muda wa kuita. Aliruka, akauziba mdomo wa mtutu kwa kiganja chake wakati kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza. Ngozi ilipasuka. Rangi ya machungwa ikachanganyika na damu, ikadondokea kiatu chake. Yusufu aliacha kucheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilingoja anifokee. Akajifunga mkono kwa kitambaa, akamwamuru Yusufu avae maski, kisha akanipeleka kwenye mashine inayopima mwendo wa kipira. "Piga," akasema. Nikapiga kwanza bunduki nyingine, ya bar hamsini. Mashine ikaandika themanini na nane, yaani mita themanini na nane kwa sekunde. Nikapiga ile ya presha ya chini. Themanini na nane.

"Pression imeshuka," akasema taratibu. "Vitesse, ile mwendo yake, ilishuka? Jicho haiulizake pression, Zuhura. Jicho inapokeaka vitesse. Donc, weye mwenyewe utaenda kumuambia patron."

Niliitazama ile namba, nikaielewa ile nusu iliyobaki. Upole wote nilioustaajabia asubuhi ulikuwa wa kipira, kisipasuke njiani. Anayepigwa hakuhurumiwa hata kidogo. Hewa ilikuwa imefanya kazi ile ile, kimya kimya, kwa muda mrefu zaidi, na mimi nilikuwa nimeuelekeza ukimya ule usoni kwa mdogo wangu.

Nilikwenda kwa patron, yule tajiri mwenye ukumbi, kwa miguu yangu. Aliniondoa kwenye bunduki, nikaosha maski wiki sita. Mkono wa Papa ulivimba, hakuweza kushika bisibisi ndogo, kwa hiyo baada ya kuosha maski nilikaa naye, yeye akiniambia, mimi nikifungua na kufunga. Hakunitajia siku ile tena. Nilimpenda mzee yule kama baba.

Yusufu ndiye huyu unayemwita mjomba. Juzi nilimpa karatasi ya dawa zangu anisomee, yale maandishi madogo ambayo mimi siyaoni tena. Akasoma mstari kwa mstari, bila miwani, bila kukwama. Nikageuza uso nikalia. Akadhani dawa imenitisha.

Basi nakuambia, mwanangu: kitu kikikushangaza, kishangae kwa moyo wote, ila usikijaribu kwenye mwili wa mtu kabla hujakipima. Usimwambie mwenzako "haiumi" kwa sababu tu hakipigi kelele. Palipo na maski, vaa, hata kama anayekuambia haiumi ni dada yako anayekupenda. Na ukikosea, usingoje kusemewa, nenda ukaseme.

Mungu akulindie macho yako na ya wote watakaosimama mbele yako. Akukutanishe na mwalimu mwenye subira kama wangu, nawe usimtoze damu kwa ujinga wako. Amina.