Saketi ya Penseli

Cleophas Nyangau, fundi wa redio sokoni Nyamache, alikuwa na sharti moja: hagusi chuma cha kulehemu kabla saketi haijafanya kazi kwenye karatasi.

Sharti hilo alilitoa katika masomo ya posta, mwaka 1971. Somo la tano lilimwagiza achore saketi, atafute kwa hesabu volti za kila kiungo, ndipo apime kwa mita. Alicheka. Penseli itajuaje mambo ya umeme? Akajaribu kwa rezista mbili. Hesabu ikasema volti tatu; mshale wa mita ukasimama penye tatu. Akarudia mara nne, akitaka kuikamata penseli ikidanganya. Hakuikamata. Tangu siku hiyo akawa anajaza madaftari.

"Fundi, redio yako ya penseli inashika stesheni gani?" Onyancha, mshona viatu wa kibanda cha pili, alimchokoza.

"Haishiki. Lakini hii ikiungua, nafuta kwa raba."

Mwaka 1973 alianza kazi iliyomgusa moyo. Mama yake, Bathsheba, masikio yalikuwa yamefifia. Kanisani alitazama midomo ya mhubiri tu. Cleophas akakusudia kumtengenezea kikuza sauti, kisanduku chenye kipaza sauti cha kuweka mbele ya mhubiri na spika ndogo ya sikioni, asikie mahubiri ya Sabato ya kufunga makambi, mkutano wa kanisa wa kila mwaka. Alikihesabu miezi mitatu.

"Kitasema Ekegusii?" mama aliuliza.

"Kitasema anachosema mhubiri, Mama."

"Basi kiambie kisiharakishe."

Ijumaa ya mwisho, jua likielekea kutua, aligundua kwamba betri zake ndogo sita zimeishia kwenye majaribio. Maduka yalikuwa yamefungwa. Onyancha akamletea betri ya gari. Daftari lilihesabiwa kwa volti tisa. Hii ilikuwa na kumi na mbili.

"Nguvu ikizidi, si atasikia zaidi?" Onyancha alisema.

Sabato huingia jua likitua, na kazi husimama. Kuhesabu upya kungechukua nusu saa. Kuunganisha nyaya, dakika tano. Cleophas alitazama daftari, akatazama jua, akaunganisha nyaya. Wala tusiisingizie Sabato. Alikuwa na wiki nzima ya kununua betri.

Asubuhi Bathsheba alikaa mbele, spika sikioni. Cleophas akakisogelea kipaza sauti, akaita taratibu, "Mama." Bathsheba akageuka, akatabasamu. Wimbo wa kufungua ibada haujafika ubeti wa tatu, harufu ya kuungua ikatoka kisandukuni, na spika ikanyamaza.

Jumapili alifungua daftari, akaandika kumi na mbili mahali pa tisa, akahesabu hadi mwisho. Penseli ikamwonyesha transista ileile iliyoungua. Kwa kitambo alisahau huzuni yake, akaipitia hesabu tena kwa mshangao wa siku ile ya rezista mbili. Kisha akalifunga daftari.

Mahubiri ya makambi yale Bathsheba hakuyasikia. Alisikia neno moja tu, akasubiri mwaka mzima kusikia la pili.