Lumbesa ya Serikali

Jibu la kwanza tulilopewa na ile ofisi, ambayo sitaitaja kwa sababu bado napita mbele yake nikienda sokoni, lilikuwa kwamba nyaraka za zamani ni mali ya umma, na kwa hiyo mtu binafsi haruhusiwi kuzisoma. Mwenyekiti wetu akauliza, kwa adabu zake zote za ualimu, kama umma wenyewe unaruhusiwa. Mtunza kumbukumbu akafikiri kidogo. Akasema umma unaruhusiwa, ila uje na barua ya utambulisho.

Tulikuwa watu watatu na tulijiita chama. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu wa historia. Wa pili alikuwa katekista wa Uwemba, mtu mpole aliyekuwa akikusanya habari za wazee tangu ujana wake. Wa tatu ni mimi, mwalimu mstaafu pia, niliyewafundisha watoto wa Njombe habari za wafalme wa Ulaya na sikuweza kuwaambia babu zao walipelekwa wapi. Tulikutana kwenye mgahawa karibu na stendi, makoti mwilini, tukinywa chai ya tangawizi na kuandika barua za kuomba chumba cha nyaraka kifunguliwe watu wasome. Mwenyekiti aliamini barua. Kila tukinyimwa, aliona kosa ni la aya ya pili, akaiandika upya.

Mimi sikuwa na subira hiyo, kwa sababu mimi nilikuwa na shangazi.

Baba yake shangazi, yaani babu yangu, alichukuliwa manamba, kibarua wa mkataba, kwenda kukata mkonge huko Tanga, shangazi akiwa bado anabebwa mgongoni. Hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari zake. Kwetu, mtu akifia mbali, ndugu hufuata udongo wa pale alipofia, wakauleta nyumbani, wakauzika, msiba ukaisha. Msiba wa babu haukuisha, kwa sababu hatukujua udongo tukauchote wapi. Tanga ni kubwa. Baba yangu alikufa akiwa hajui, na shangazi, aliyebaki peke yake, sasa ni kikongwe. Kila nikienda kumwamkia alikuwa na neno lile lile.

"Usiniache nife nikiwa bado nimekaa matanga, mwanangu."

Kwenye chumba kile kulikuwa na kadi za manamba. Tulijua kwa sababu mtunza kumbukumbu mwenyewe alituambia, tena kwa majivuno, kwamba kadi zile ziko salama kabisa na hakuna mtu aliyewahi kuzigusa. Nilitamani kumrushia kikombe cha chai.

Kisha paa la chumba likaanza kuvuja. Njombe mvua ikiamua kunyesha haiulizi kama una mabati mazuri. Ofisi ikaamua nyaraka zote zipelekwe Dodoma zikahifadhiwe vizuri. Tuliandika barua ya haraka, tukaomba tuzione kabla hazijaondoka. Tukajibiwa kwamba haiwezekani kuzisumbua, kwa kuwa zinajiandaa na safari.

Sasa, kwetu Njombe ukitaka kufungiwa mzigo unaita wapakiaji wa viazi, maana hao ndio wapakiaji tulio nao. Walikuja, wakaonyeshwa mafaili na magunia, wakaambiwa wafunge. Wakafunga wanavyojua. Walijaza kila gunia hadi mdomoni, wakashindilia kwa magoti, wakapandisha kilemba cha mafaili juu ya mdomo, wakakifunika kwa nyasi na kukifuma kwa kamba. Kwa neno moja, lumbesa, ile inayompunja mkulima na ambayo ofisi hiyo hiyo ilikuwa imebandika tangazo la kuikataza kwenye ukuta wake wa mbele. Halafu gari la ofisi likawa bovu, na magunia yakapandishwa juu ya fuso la viazi lililokuwa likielekea Dodoma.

Haya yote niliyajua baadaye. Nilichokijua kwanza ni simu ya shangazi, kwa sababu viazi vilivyokuwa chini ya magunia yale vilikuwa vyake. Shangazi amelima na kuuza viazi maisha yake yote, na magunia yake huwa sawa na kipimo, bila hata kiazi kimoja cha ziada.

"Serikali imenikamatishia viazi," alisema. "Gari limezuiwa Makambako, getini. Njoo unichukue twende."

Katekista akaazima pikapu ya parokia, tukaenda wanne. Tulikuta fuso limeegeshwa pembeni ya geti la ushuru wa mazao, viazi vya shangazi vimeshushwa kwa mstari, na magunia ya nyaraka yamesimama peke yake, nyasi kichwani, yamevimba kama watu waliokula sikukuu. Afisa wa geti alikuwa mtu mwembamba, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi kwa ajili ya ule upepo wa Makambako usio na adabu.

"Hizi ni nyaraka," mwenyekiti alimwambia.

"Nimeshaandika, mzee. Kwenye fomu, zao la nyaraka halipo, nikaweka mengineyo."

"Si zao, ndugu yangu. Hii ni historia."

"Imetoka wapi?"

Mwenyekiti akasita. "Njombe," alisema.

"Basi ni mzigo wa Njombe, umefungwa lumbesa, na mwenyewe hajajitokeza."

Mwenyekiti akampigia simu mtunza kumbukumbu, akaweka sauti ya nje ili tusikie sote. Alimweleza magunia yake yako wapi na yamefungwaje.

"Mwalimu, ofisi hii haifungi lumbesa," sauti ya upande wa pili ilisema. "Soma tangazo letu."

"Kwa hiyo magunia si yenu?"

"Kama ni lumbesa, si yetu." Akakata simu.

Afisa wa geti alisikia, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Alitueleza utaratibu. Mali isiyo na mwenyewe haiwezi kukaa hapo muda mrefu, kwa sababu mazao huoza. Wiki iliyopita maharage ya aina hiyo yalipelekwa shule moja ya bweni. Na haya mengineyo, kwa kuwa hayaliwi, wapishi wa shule wamekwisha kuyaulizia kwa ajili ya kuwashia moto, na watakuja kesho yake.

Shangazi alikuwa amekaa juu ya gunia lake la viazi. Alinitazama tu. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kutoa kalamu na alikuwa anatafuta mahali pa kuandikia barua.

"Magunia ni yetu," nikasema.

"Yenu nani, mama?"

"Ya umma."

"Umma ni nani hapa?"

"Mimi," nikamwambia, "na huyu, na huyu, na bibi yule pale." Nikatoa kitambulisho changu cha taifa nikamwekea mezani. Alikisoma mbele na nyuma, akaandika jina langu kwenye nafasi ya mwenye mali. Kwa miaka yote ile tulikuwa tunaombwa utambulisho wa umma, na kumbe ulikuwa kwenye mkoba wangu.

Afisa akatupa onyo kwa kuwa lilikuwa kosa letu la kwanza, kisha akatusomea sheria. Mwenye mali afungue magunia yote, apunguze, apange, afunge upya mbele ya mizani. Hakuna gunia litakalotoka likiwa na kilemba.

"Yote?" mwenyekiti aliuliza.

"Yote, mzee. Na siwezi kukupunguzia hata moja."

Sijawahi kumwona mzee yule akiwa na furaha namna hiyo. Alivua koti.

Basi tukafungua historia ya Njombe uwanjani, nyuma ya mizani, mchana kweupe. Gunia la kwanza tu lilipofunguliwa, upepo uliingia na kuinua karatasi, na katekista akawa anazikimbiza kuelekea reli huku ameshika suruali. Shangazi ndiye aliyeokoa jahazi. Aliamuru viazi vyake vifunguliwe, na kila rundo la karatasi likawekewa kiazi juu. Kesi za mipaka kiazi kimoja, taarifa za njaa kiazi kimoja, barua za wamisionari wa Kikatoliki na za Walutheri wakigombea kijiji kimoja, viazi viwili.

Watu wakaanza kusogea. Makambako mtu yeyote akikaa chini na kupanga kitu, watu hudhani kinauzwa. Madereva wa malori ya Zambia walikuja, mama lishe wakaja na miko mikononi, wauza mbao wakaja. Mwanzoni waliuliza bei. Walipoambiwa kwamba haviuzwi, vinasomwa tu, wakachuchumaa wakasoma. Mama lishe mmoja aliona jina la babu yake kwenye kesi ya ng'ombe, akasoma hukumu kwa sauti, akasema babu alionewa, na wasikilizaji wakakubaliana naye. Hakuna aliyeleta barua. Nilisimama pale na karatasi mkononi nikiona raha ambayo sikuwahi kuiona darasani.

Mchana mtunza kumbukumbu mwenyewe akafika na bodaboda, amefunikwa vumbi. Alisimama mbali kidogo. Hakuweza kusema magunia ni yake, kwa sababu afisa wa geti alikuwa karibu, na fomu ya kosa la lumbesa mkononi.

"Mnafanya nini, walimu?"

"Tunapunguza lumbesa," mwenyekiti alimjibu.

Alizunguka, akatazama watu wakisoma, akatazama viazi. Nilidhani ataleta vurugu. Badala yake alichuchumaa karibu na katekista, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Za kule kwetu Ludewa mmeshazifikia?" Katekista akamsogezea rundo, akampa na kiazi.

Kadi za manamba zilikuwa kwenye gunia lililofungwa vibaya kuliko yote, juu kabisa, kwenye kile kilemba chenyewe. Zilikuwa zimefungwa kwa vijiji. Nilipoona jina la kijiji chetu nilimpa mwenyekiti afungue ile kamba. Nilimwita shangazi. Alikuja taratibu, akaketi chini, akavuta kitenge magotini. Hasomi, lakini alitaka kila kadi ainuliwe aione kwanza, ndipo nimsomee jina.

Ya babu ilikuwapo. Kulikuwa na jina lake, jina la baba yake, shamba alilopelekwa na alama ya dole gumba. Nyuma karani wa zamani alikuwa ameandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko mzuri sana. Nilisoma mara mbili kimya kimya, kisha nikamtafsiria: mkataba umekwisha, ni mzima, amerudishwa kwa lori, ameshushwa Makambako.

"Halafu?" shangazi aliuliza.

"Hakuna zaidi, shangazi."

"Makambako hii?"

"Hii hii."

Alitazama uwanja, lori, reli, vibanda. Katekista akasema kwa upole kwamba huenda alikuwa mgonjwa njiani, magonjwa yalikuwa mengi siku zile. Mwenyekiti akaanza kusema kwamba kwa ushahidi huu mwanahistoria hawezi kuhitimisha, nikamkanyaga mguu. Mimi nilikuwa na hasira na babu, hasira ya kweli, kwa sababu kutoka pale hadi nyumbani mtu mzima anatembea akafika, na sisi tulimlilia Tanga vizazi viwili.

"Nimeuza viazi hapa tangu sijaota mvi," shangazi alisema. "Labda niliwahi kumpimia."

Hakulia. Alichukua ile kadi kwangu, akaweka dole gumba lake juu ya lile la baba yake, akaona lake ni dogo, akanirudishia. Kisha akaniambia nimtafutie jembe. Nilimwambia hatujui kama alifia hapa, kwamba tunaweza kuuliza kanisani, tunaweza kuandika barua. Akaniangalia kama mtoto mpumbavu.

"Karatasi imeishia hapa," alisema. "Na mimi nitaishia hapa hapa nikiendelea kungoja. Nipe jembe."

Afisa wa geti ndiye aliyetuazima la kwake. Tulichota udongo nyuma ya mizani, mahali ambapo hapakumwagika mafuta ya magari, na shangazi akaufunga kwenye kitenge chake.

Tulimaliza kufunga jioni. Kila gunia likapanda kwenye mizani, likakaa sawa, likashonwa mdomo. Fuso likaondoka na viazi na nyaraka, na kadi ya babu ikiwa humo ndani, kwa kuwa afisa hakuruhusu mzigo upungue wala uzidi. Mwenyekiti alianza kutunga barua ya Dodoma kabla vumbi halijatulia. Mtunza kumbukumbu aliomba lifti, akapanda nyuma ya pikapu pamoja na katekista, magoti yamekutana, wakaanza kubishana kuhusu mababu wa Ludewa.

Tulipofika kwenye geti kurudi Njombe, lilikuwa limeshushwa. Afisa yule yule alisogea dirishani kwa shangazi, kalamu mkononi, maana geti lile huuliza kwenda na kurudi.

"Kamwene, bibi. Mmebeba nini?"

Shangazi alikuwa amekipakata kile kitenge.

"Baba yangu," alisema.

Afisa alikitazama kile kifurushi. Alikuwa nasi pale tangu asubuhi na alisikia yote, lakini kazi ni kazi.

"Hajazidi?" aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Amepungua tu."

Akaweka kalamu mfukoni, akaenda kuliinua geti.