Breki za Mdogo Wake

Ilikuwa mwaka ule wa mvua nyingi. Hapana, nakosea, ni mwaka uliofuata, maana ukuta wa karakana ulioangushwa na mvua ile ulikuwa umeshajengwa upya. Fundi wetu wa baiskeli, mama mwenye sauti ya chini na vidole vyeusi kwa grisi, alianza kuletewa vigari vya umeme vyenye magurudumu ya baiskeli, ambavyo watu waliviunda nyumbani ili washindane. Kila gurudumu alilisukuma ubavuni kwanza, ndipo akalizungusha. "Baiskeli hulala kwenye kona," alisema, "kigari hakilali. Spoki hizi zitapinda." Basi akavifungia magurudumu ya pikipiki ndogo na breki za diski, kwa kuwa betri ni nzito na breki za baiskeli hazifui dafu.

Mdogo wake wa kiume, naye mshindani, alinuna. "Dada, kwa matairi mazito haya nitashika mkia!"

"Shika mkia, baba, mradi urudi na miguu yako."

Kujaribu breki alikuwa na mtindo wake. Husimama mwisho wa uchochoro, akakipa kigari mgongo, na mwenye nacho huja mbio akakanyaga breki nyuma yake. Yeye husikiliza tu, hageuki. Zamu ya mdogo wake ilipofika, aligeuka. Alimkazia macho mpaka tairi la mbele likasimama karibu na kandambili zake, kisha akapangusa mikono. "Haya, nenda."

Mimi mzee wa mtaa nimemwuliza mara nyingi, naye huinamia kazi yake: binti yangu, siku ile hukuiamini breki, au hukuuamini mguu wa mdogo wako?