Bwana Amina

Shemeji yangu huchomelea vyuma, na miaka yote aliyoishi na marehemu dada yangu sala yake ilikuwa neno moja. Dada ndiye aliyeomba mezani. Jamaa atarudi kutoka karakana, atanawa masizi kwenye bomba la uani, atasugua vidole utadhani anakwenda kumpasua mgonjwa, na dada akikaribia kumaliza tu, huyo mlangoni: "AMINA!" Kisha anavuta kiti. Ndiyo maana nikambandika jina la Bwana Amina.

"Wewe mbinguni utaingia umebebwa mgongoni na mkeo," nilikuwa nikimwambia.

"Sasa unadhani nilimwoa kwa nini, shemeji?"

Watoto walicheka, lakini walimsubiri. Kwao sala haikuwa imeisha mpaka baba aseme Amina yake.

Ndipo dada akafariki. Homa tu jamani, mtu alikuwa anafua, kufumba na kufumbua hayupo. Mimi sijapoa mpaka leo.

Kanisa lilikuja, sikatai. Kwaya iliimba hadi sauti zikakauka, mchungaji akahubiri, akina mama wakaosha masufuria. Baada ya mazishi viti vikarudishwa kanisani, kila mtu akashika njia yake. Nikawa nakwenda jioni kuwapikia. Naweka chakula mezani, mpwa wangu mkubwa anafumba macho, mdogo wake wa kike, kitindamimba, naye anafumba, wanasubiri. Baba yao anatazama sahani. Mwishowe mkubwa anaanza kula bila kumwangalia mtu. Haikuchukua muda wakaacha hata kufumba macho.

Roho iliniuma, maana dada alipozidiwa alinishika mkono akasema, "Nyumbani kwangu wasiache kuomba." Ningeomba mimi? Mimi na ulimi wangu huu? Siku zile nikifungua mdomo kuomba, naishia kugombana na Mungu.

Nikamfuata shemasi wetu, mama mmoja muuguzi, nikamtolea yote. "Kwani ninyi kazi yenu kuzika tu? Waliobaki je?"

Hakukasirika. Kesho yake alipotoka zamu akaja moja kwa moja, na sare yake ya kazi, akaketi mezani, akaomba sala ndefu, tamu. Amina akaisema mwenyewe, watoto wakala vizuri. Akawa anakuja kila anapopata nafasi. Asipokuja, meza inakuwa kimya tena.

Jioni moja alipoingia, kitindamimba akamuuliza, "Bibi, leo umekuja na Mungu?"

Shemasi akacheka, halafu kicheko kikamkatika. Akanivuta jikoni. "Nimeharibu," akasema. "Huyu mtoto anaona Mungu anakuja na mimi, na mimi nikiondoka anaondoka."

Tuliporudi mezani hakuomba. Akamgeukia shemeji. "Baba, mimi leo ni mgeni. Tuombee wewe."

"Mama, mimi maneno sina. Mwenye maneno alikuwa mama yao."

"Sema hayo hayo uliyo nayo. Ukikwama, tupo hapa."

Shemeji akaitazama sahani yake. Nilitaka kumwambia achangamke, chakula kinapoa, lakini nikajizuia. Akaweka mikono mezani, ile mikono yenye makovu ya cheche, akafumba macho.

"Mungu," akasema. "Ni mimi, yule wa mlangoni. Mwenye maneno umemchukua, na mimi sijaridhika, sitakudanganya. Lakini watoto wake hawa hapa, wananitazama mimi. Usiwaache. Na chakula hiki, ahsante."

Tukasubiri, macho tumefumba, wala hakuna aliyeitikia. Kitindamimba akafumbua jicho moja.

"Baba, Amina ni ya kwako."

Shemeji akafungua mdomo, akaufunga. Machozi yakamwagika hadi kwenye sahani. Sikuwahi kumwona akilia, hata kaburini.

"Siwezi, mwanangu," akasema. "Mimi Amina naisema mama yako akishamaliza."

Mkubwa akainamisha kichwa mezani, akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimeshalia kitambo. Shemasi alimwekea shemeji mkono begani. Basi kitindamimba akateremka kitini, akaenda mpaka mlangoni, pale pale alipokuwa akisimama baba yake, akageuka akatutazama wote.

"AMINA!" akapaza sauti, kisha akarudi, akavuta kiti chake.